Denia Mia Tatu kwa Kila Mguu

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, ambaye kwa sasa namkaimu mimi mwenyewe; Ndugu Makamu Mwenyekiti, aliyeshindwa kufika lakini koti lake liko pale kwenye kiti na tunalitambua; Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Kuu, wa Kamati Ndogo, na wa ile Kamati iliyoundwa kuchunguza kwa nini Kamati Ndogo haikutani; Ndugu Mshauri Mwelekezi, pamoja na wewe unayemshauri Mshauri Mwelekezi; wakuu wa vitengo, wasaidizi wa wakuu wa vitengo, na wote wanaotarajia kuwa wasaidizi; wauguzi, walimu, makeshia, wapokea wageni, walinzi wa kike na akina mama wote ambao kazi zenu mnazifanya mkiwa mmesimama kutwa nzima, na ambao leo tumewapa heshima ya pekee ya kukaa; Ndugu Mpiga Picha, ambaye nakuomba uhamie upande wangu wa kulia kwa sababu ndio uliozoeleka; mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama nimemsahau mtu, aelewe kwamba nimemsahau kwa kufuata taratibu zote. (Makofi marefu kutoka safu ya mbele, walikokaa wafanyakazi wa ofisi yake.)

Asanteni, asanteni, inatosha, endeleeni kidogo. Nimesimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Uratibu wa Stokingi, kwa furaha isiyo na kifani, ili kuzindua rasmi Mradi Mkuu wa Uelewa wa Aina na Unene wa Stokingi za Wanawake pamoja na kiwanda chake cha kisasa, mradi ambao ni mtambuka, jumuishi, shirikishi na endelevu, na ambao umepita hatua zote za fizibiliti, pailoti na rodimapu bila kukwama hata mara moja, kwa kuwa kitu hukwama pale tu kinapotembea. (Makofi.)

Ndugu zangu, tujiulize tumetoka wapi. Kabla ya Mamlaka hii kuundwa, mwanamke alikuwa anaingia dukani hivi hivi tu, anachukua pakiti, anaisoma namba, anaingiza mkono ndani ya stokingi, anatanua vidole mbele ya mwanga wa dirisha, anatazama, halafu anaamua. Peke yake! Bila mwongozo, bila semina elekezi, bila kibali cha mtu yeyote! Nikiikumbuka hali hiyo nakosa hamu ya kula. (Keshia wa duka la vyombo, safu ya katikati: "Na zilikuwa zinatutosha vizuri tu!" Vicheko.) Mama, nimekusikia, na ndiyo maana nasema elimu bado inahitajika.

Wapo wanaouliza wazo hili kubwa lilitoka wapi. Lilitoka chumbani kwangu. (Minong'ono.) Asubuhi moja mke wangu alikuwa ameshika pakiti mbili za stokingi, moja kila mkono, anazitazama kwa zamu huku ameuma mdomo. Mimi, kwa jicho langu la kiuongozi, nikaona zote mbili nyeusi. Nikamuuliza, "Mama watoto, tofauti yake ni nini?" Akaniambia, "Wewe nenda kazini." Ndugu zangu, kiongozi mwingine angenuna. Mimi nilienda kazini, na nilipofika tu nikaunda kamati.

Kamati hiyo ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, wote wanaume, ili kuepuka mgongano wa maslahi. (Keshia: "Yaani hata mmoja anayevaa?") Hasa, mama, hasa! Anayevaa angeleta hisia. Sisi tulitaka takwimu. Wajumbe walisafiri nchi za baridi, wakasafiri nchi za joto, wakasafiri hata nchi moja isiyo na baridi wala joto ila ilikuwa na bwawa zuri la kuogelea, na wakarudi na ripoti nene kwa kipimo chochote cha unene, ambayo ukurasa wake wa kwanza unathibitisha kitaalamu kwamba stokingi huvaliwa miguuni. Ukurasa wa pili bado tunaufanyia kazi. (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Sasa naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo uelewa unapoanza, na asiyeelewa leo asije kusema hakuambiwa. Stokingi ziko za aina nyingi. Ipo inayoishia kwenye kifundo cha mguu, ambayo Kamati iliona haina malengo. Ipo inayoishia chini ya goti, yenye malengo ya muda mfupi. Ipo inayopanda mpaka pajani ikashikiliwa na mpira wa juu, na hii usalama wake wote uko kwenye mpira, maana mpira ukishalegea mwenye stokingi anatembea barabara nzima amejishika sketi, anatabasamu na watu huku moyoni analia. (Sauti za wanawake: "Tunaijua hiyo!") Ipo inayopanda mpaka kiunoni, ikavaliwa kama suruali, ambayo ndiyo iliyokubalika kisera kwa sababu inaanza chini kwenda juu, kama mipango yetu inavyosema inaanza. Na ipo ya wavu, yenye matundu ya makusudi. Hiyo ya wavu ilizua mjadala mkali kamatini, hadi chai ikapoa, kwa sababu wajumbe hawakuelewa kwa nini mtu atoe pesa kununua matundu, wakati sisi ofisini matundu tunayapata bure kila wakaguzi wanapokuja. (Vicheko. Mkurugenzi anawatazama wanaocheka mpaka wanaacha.)

Nije kwenye unene, ambao ndio roho ya mradi. Kuna kitu kinaitwa denia. Denia ni namba iliyoandikwa kwenye pakiti kuonyesha uzito wa uzi. Namba ikiwa ndogo, stokingi ni nyepesi na mguu unaonekana. Namba ikiwa kubwa, stokingi ni nzito na mguu unabaki kuwa siri ya mwenyewe. Denia kumi ni ya kwenda harusini, na mara nyingi yenyewe haifiki mwisho wa harusi. Denia ishirini ni ya ofisini, arobaini ni ya ofisi yenye kiyoyozi kizima, sitini na sabini unaambulia kivuli tu, na denia mia huoni kitu kabisa, na nafurahi kuwatangazia kwamba hicho ndicho kiwango cha uwazi tunachokitumia katika taarifa zetu za matumizi. Wakurugenzi walionitangulia wangeridhika hapo. Mimi nikamwita mchumi wetu nikamwambia, jumlisha. Kumi, ishirini, arobaini, sitini, sabini na mia. Ndugu zangu, ni denia mia tatu! (Safu ya mbele inasimama kushangilia.) Denia mia tatu kwa kila mguu, mia sita kwa kila mwanamke, na hakuna nchi jirani iliyothubutu hata kusogelea! (Keshia: "Lakini hizo hazijumlishwi, Mheshimiwa! Kila pakiti na yake!") Mama, namba yoyote inajumlishwa. Isiyojumlishwa ni maoni, na wewe umeshatoa yako.

Tena tumefikiria wasio na muda wa kusoma pakiti. Kwa ajili yao tumebuni Kipimo cha Saini. Unachukua waraka wangu wowote, na najua kila ofisi inazo nyingi, unautandaza mezani, halafu unavuta stokingi juu yake. Saini yangu ikisomeka, hiyo ni nyepesi. Ikionekana kwa mbali, ni ya wastani. Isipoonekana kabisa, hiyo ni nzito, na mwenye stokingi anaandikiwa barua ya kujieleza kwa kosa la kuifunika saini ya Mkurugenzi Mkuu. (Katika safu ya tatu anasimama muuguzi wa wodi ya wazazi. Ni dada mkubwa wa mke wa Mkurugenzi. Yuko miguu mitupu, viatu ameshika mkononi, na vifundo vyake vimevimba. "Shemeji, samahani kukukatisha. Zile za kubana umeshazitaja?")

Ndugu zangu, huyu ni shemeji yangu kabisa, mnaona jinsi ninavyofikika. Shemeji, kaa, za kubana ziko aya inayofuata. ("Mimi nakaa, ila miguu inauma hata nikikaa. Jozi yangu niliivua pale mlangoni, vijana wako wakaniambia hapa hapa napewa mpya. Zamu yangu inaanza leo hii mchana. Bila zile soksi sifiki nusu ya zamu, na matroni ameshaniambia nikishindwa tena kusimama ananitoa wodini." Mlio wa viti, wanawake wanageuka kumtazama.) Suala lako ni zuri, limepokelewa, na limenigusa hapa kifuani, upande wa beji.

Stokingi ya kubana, waheshimiwa, ndiyo mkubwa wa stokingi zote. Hii haipimwi kwa denia, inapimwa kwa nguvu zake za kukamata mguu, na wanaoihitaji ni wale ambao mishipa ya miguu imevimba kwa kusimama, damu inashuka halafu inagoma kupanda. Sasa sikilizeni uzuri wake: inabana sana chini, kwenye kifundo, halafu inalegea kadiri inavyopanda. Mimi nilipoelezwa hivyo nilisimama kitini. Nikasema, hiki ni kifaa cha kwanza kuja kwetu kisichohitaji mafunzo, maana utaratibu wa kuwabana walio chini na kuwalegezea walio juu ofisi zetu zimeshauzoea. (Kicheko kikubwa kinaanzia nyuma na kufika mpaka safu ya mbele, ambako kinazimwa haraka.) Sijui mnacheka nini. Hiyo ni sayansi.

Ndiyo maana tukaja na kampeni yetu ya kihistoria ya Vua Kuukuu, Vaa Mpya. Kila mama aliyeingia ukumbini humu leo alivua stokingi zake kule mlangoni, nyuma ya ile shuka tuliyofunga kwa ajili ya staha, akaziweka ndani ya gunia, na badala yake akapewa tabasamu la afisa wetu. Mwitikio umekuwa wa ajabu! Nimeambiwa magunia yamefurika. Wapo waliobeba na za ziada kutoka nyumbani, na mmoja wenu, simtaji, amekuja na za mama mkwe wake bila kumwambia. (Mwanamke mmoja safu ya nyuma anaficha uso kwa mkoba.) Usione aibu, mama, huo ndio uzalendo. Wengine wameacha soksi ndefu zilizokuwa bado nzima kabisa, kwa sababu wameniamini mimi, na mimi kuaminiwa nimekuzoea.

Na kama yupo anayetilia shaka, naomba atege sikio. Nyamazeni kidogo. (Ukumbi unanyamaza. Nyuma ya pazia jekundu la jukwaani: tak. Tak-tak. Tak.) Mmesikia? Hiyo, ndugu zangu, ndiyo sauti ya uzalishaji! Sisi si watu wa kusubiri hotuba iishe, sisi tunazalisha hotuba ikiendelea! (Makofi, na safari hii ni ukumbi mzima. Muuguzi ameweka viatu mapajani ili apige makofi vizuri.)

Nisiache suala la rangi, maana najua ni kero ya muda mrefu. Wataalamu wa nje walituletea sampuli iliyoandikwa "rangi ya ngozi". Tukaizungusha jengo zima, ghorofa kwa ghorofa, tukitafuta mwenye ngozi hiyo, na hatukumpata. Kuna mhasibu mmoja alikaribia, lakini ikabainika alikuwa anaumwa. Hapo tukafanya uamuzi mgumu ambao viongozi waoga wangeukimbia: stokingi tukaiacha na rangi yake, tukaanzisha kitengo cha kuwahamasisha wananchi waifikie. (Sauti: "Makubwa haya!" Nyingine: "Na mimi ninayependa nyeusi?") Nyeusi ipo, mama. Nyeusi iko chini ya kitengo kingine, na mkuu wake yuko likizo.

Kisha lipo janga la mstari. Stokingi ikiguswa na ukucha, msumari wa kiti au pembe ya meza, uzi mmoja unaachia, na mstari unakimbia kutoka gotini hadi kisiginoni kabla mwenyewe hajamaliza kusema "jamani". Akina mama mmekuwa mkijitibu kienyeji kwa kupaka tone la rangi ya kucha pale mstari unapoishia ili usiendelee. Tumeifanyia tathmini njia hiyo, tumegundua kwamba inafaa, ni rahisi na haimsumbui mtu, na kwa sababu hizo tumeisimamisha mara moja. Badala yake tumeunda Kikosi cha Dharura cha Kudhibiti Mistari, chenye dereva, sare na king'ora. Mstari ukiachia, usiguse kitu, kaa ulipo, piga simu, subiri. Gari la kikosi liko gereji, lakini king'ora tunacho ofisini na huwa tunakipiga.

Matokeo yake, au niseme kitaalamu impakti yake, hayahitaji darubini. Asilimia themanini na saba ya wanawake tuliowahoji walituuliza sisi ni nani. Asilimia tisa walitufungia mlango. Waliobaki walidhani tunauza. Kwa upande wa wanaume, wote kwa umoja wao hawakuelewa swali, jambo linaloonyesha wazi kwamba pengo la uelewa lipo, kwamba Mamlaka inahitajika, na kwamba mimi nilipoteuliwa hapakufanyika kosa. (Makofi ya safu ya mbele. Nyuma ya pazia: tak, tak.) Uzalishaji unaendelea, hamna wasiwasi.

(Keshia amesimama. "Mheshimiwa, si ni hapo tu nyuma ya pazia? Tuvutie basi tukione hicho kiwanda, tuchukue zetu, twende. Mimi bosi wangu kanipa ruhusa fupi tu, saa hizi anahesabu dakika.") Mama yangu, kiwanda si gauni jipya, kwamba mtu akiliomba unageuka kidogo alione na nyuma. Kiwanda kina hatua zake. Leo tunazindua, awamu ya pili tutaonyesha, awamu ya tatu, mambo yakienda vizuri, tutajenga. ("Mtajenga?") Tutajenga uelewa, mama, usinikatishe katikati ya sentensi.

(Muuguzi amesimama tena. Safari hii ameshika mgongo wa kiti cha mbele. "Shemeji, mimi sina maneno mengi. Nipeni yangu ile ile ya zamani, hiyo mpya mpeni mwingine. Nilizunguka maduka yote mpaka nikaipata inayonienea. Ukinichelewesha hapa nitafika wodini naburuta miguu, na leo matroni yuko mlangoni ananisubiri.") Shemeji, unaniangusha mbele ya kamera. Wewe ni wa kwanza kufaidika na mradi huu, ndiyo maana jina la hospitali yenu liko kwenye andiko la kuombea fedha, ukurasa wa mbele kabisa, pamoja na picha ya miguu. Ndiyo, ile picha uliyopigwa sebuleni kwetu siku ulipolala kwenye kochi. Mfadhili wetu, ambaye anawasili mchana huu, aliiona akalia. Alilia machozi, shemeji! Sasa miguu iliyomliza mfadhili inataka kuondoka kabla ya mfadhili kufika? Hebu kaa. Vumilia kidogo kwa faida ya wenye miguu kama yako. (Muuguzi hakai.)

Nimalizie kwa ahadi, maana hotuba bila ahadi ni salamu tu. Naahidi kwamba ndani ya kipindi ambacho tutakitangaza kwa wakati utakaotangazwa, hakuna mwanamke atakayesimama kazini bila denia zake kamili. Naahidi stokingi za wauguzi zisizochanika, za makeshia zisizotoka jasho, za walimu zisizoshika vumbi la chaki, na za walinzi zenye mfuko wa tochi. Naahidi kwamba mimi binafsi sitalala, na kama nitalala nitalala nikiwaza miguu yenu. (Minong'ono.) Kikazi, nimesema kikazi.

Sasa simameni wote. Mliosimama bakini hivyo hivyo. Nikisema Stokingi, mnajibu Maendeleo! Stokingi! (Safu ya mbele: "Maendeleo!") Sijawasikia kule nyuma! Stokingi! ("Maendeleo..." Mtu mmoja: "Ziko wapi?") Denia! (Safu ya mbele: "Mia tatu!") Mguu wa mama! ("Fahari ya Mamlaka!") Bana chini! ("Legeza juu!") Safi sana. Kaeni.

Sitashuka jukwaani bila shukrani, mimi si mtu wa kula akafuta mdomo. Namshukuru mchoraji aliyetuchorea kiwanda chetu kwenye kile kitambaa kikubwa kinachoning'inia pale nje, akaongeza na moshi kwa hiari yake, kwa sababu bila yeye tusingekuwa na kiwanda hata cha kusingizia. Nawashukuru wafanyakazi mia nane wa kiwanda hicho, ambao wote wangekuwa nasi hapa kama tungewaajiri. Nakishukuru kiwanja, popote kitakapopatikana. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru katibu muhtasi wangu, ambaye tangu mlipoketi yuko nyuma ya pazia hili na stepla moja tu, anazikunja zile stokingi mlizovua mlangoni na kuzibana kwenye kadi mpya zenye picha yangu, jozi kwa jozi, bila hata kunywa maji, maana mfadhili anakuja kuona bidhaa za kwanza za kiwanda, na kama si moyo wenu wa kutoa, akina mama, asingekuta hata uzi. Huo ndio unaitwa ubunifu wa ndani! Mpigieni makofi! (Wanawake wanaligeukia pazia. Nyuma yake: tak.)

("Zetu?" anauliza muuguzi.)

Zilikuwa zenu, shemeji. Sasa ni bidhaa.

(Muuguzi anatoka kwenye safu yake. Anapanda ngazi za jukwaa miguu mitupu, taratibu, mkono ukutani, na hakuna anayemzuia. Anavuta pazia. Katibu muhtasi amekaa sakafuni katikati ya magunia, stepla mkononi, kadi zimemjaa mapajani. "Nisamehe, dada," anasema. "Na mimi zangu zimo.")

Mpiga Picha, geuza kamera! Ndugu zangu, tulieni, hilo ni eneo la uzalishaji, haliingiwi bila kibali! Mama keshia, rudi kitini! Weka chini hiyo kadi, ina picha yangu! Safu ya mbele, zuieni! Safu ya mbele, nanyi mnakwenda wapi? (Safu ya mbele nayo ilikuwa imevua mlangoni. Wanawake wamejaa jukwaani. Wanapekua magunia, wanatajiana rangi, wanarushiana. "Hii ya nani, ya kahawia, goti limechakaa?" "Lete huku!" "Jamani ya mama mkwe, nani kaiona ya mama mkwe?" Kila pini ya stepla inapong'olewa, uzi unaachia. "Tazama mstari huu! Nzima niliileta mimi!" analia keshia. "Nzima kabisa!")

Watulizeni! Semeni kuna vinywaji! Shemeji, njoo hapa pembeni tuongee kifamilia. Hiyo yako ya kubana chukua, sawa, nimekubali, nasema mbele ya mashahidi kwamba nimekubali. Lakini waambie wenzako waache zilizobaki. Mgeni akikuta magunia matupu ataniuliza kiwanda kiko wapi, na mimi nitamjibu nini? Hakipo, shemeji! Hakijawahi kuwepo, na wewe unajua hakijawahi kuwepo, uko nyumbani kwetu kila Jumapili, uliniona lini naenda kiwandani?

("Nilidhani angalau stokingi zipo," anasema muuguzi. Amekaa chini pembeni ya jukwaa. Pini imetoboa soksi kisiginoni, lakini bado inabana. Anaikusanya mpaka vidoleni, anaingiza mguu, anaivuta kwa mikono miwili, kidogo kidogo, ngumu kama kawaida yake, akitua kupumua inapofika gotini. Anafanya vivyo hivyo mguu wa pili. Wanawake walio karibu wamemwachia nafasi. Anavaa viatu, anasimama, anakanyaga mara mbili kujaribu.)

Akina mama, mnatoka bila wimbo wa kufunga? Basi. Nawashukuru mliokuja, nawashukuru mnaoondoka, na kwa madaraka niliyonayo hadi mgeni atakapofika, natangaza kwamba mradi huu umezinduliwa rasmi. (Anatazama viti vitupu, halafu anamwona muuguzi ameshafika mlangoni. Anashusha maikrofoni, lakini haijazimwa.) Shemeji. Shemeji, tafadhali, mdogo wako usimwambie.